Nani Kaharibu Sini? Uigizaji na Uhalisia katika Tamthilia Zetu

Hukumu inayotolewa haraka kuliko zote mbele ya televisheni ni hii: "Huyu hajui kuigiza." Mhusika hajamaliza hata sentensi ya pili, tayari sebule nzima imeshapitisha uamuzi. Naiheshimu hukumu hiyo. Mtazamaji wa kawaida hajasomea sanaa, lakini ameishi na watu tangu azaliwe. Anajua mtu mwenye hasira anavyofunga mlango, anajua shangazi aliyekuja kukopa anavyoanza kwa kuwasifia watoto. Akihisi kuna uongo kwenye kioo, uongo upo kweli.

Kinachompiga chenga ni kumjua mwenye kosa. Uso wa mwigizaji ndio unaoonekana, basi ndio unaobeba lawama zote. Aliyeandika maneno haonekani. Aliyeshika maiki haonekani, wala aliyekata picha, wala aliyebandika muziki wa huzuni juu yake, wala mwenye fedha aliyeagiza kwamba sini zote zilizobaki ziishe leo kwa sababu nyumba ya watu inatakiwa kesho. Nimeangalia tamthilia za Kiswahili za pande zote mbili za mpaka wa Namanga, Kenya na Tanzania, kwa miaka mingi, na ninachoamini ni kwamba sehemu kubwa ya uigizaji mbaya tunaoulalamikia si ya waigizaji. Ile sehemu iliyo yao kweli, nayo haitokani na kushindwa kulia wala kushindwa kucheka. Inatokana na kutomsikiliza mwenzao.

Tukisema tamthilia fulani haina uhalisia, huwa tumechanganya malalamiko ya aina tofauti kwa pumzi moja. Lipo la vitu. Msichana wa kazi anaamka alfajiri kuwasha jiko, kope za bandia zipo mahali pake na wigi halijapinda hata kidogo. Mgeni anakaribishwa chai, ananyanyua kikombe, na mkono wake unatuambia kwamba hakuna chai. Kikombe chenye chai ya moto hunyanyuliwa kwa tahadhari. Mtu hupuliza, huonja, hukirudisha kwenye kisosi. Kitupu kinapaa chenyewe. Mume anayehama nyumba anashuka ngazi na sanduku kubwa kwa vidole viwili. Hapa mwigizaji ana kosa dogo tu. Mtu wa vifaa alitakiwa atie maji ya moto kwenye kikombe na vitu vizito ndani ya sanduku, jambo lisilogharimu chochote, na uzito ule ungemsaidia mwigizaji kuliko maelekezo yote ya mwongozaji. Mwili uliobeba kitu kizito kweli hauna haja ya kujifanya.

Lipo pia la hadithi: ajali inayotokea kila mwandishi anapokwama, mapacha waliopotezana hospitalini, mtu anayesikia siri nyuma ya mlango kila wiki, stelingi asiyekufa. Hilo ni la mwandishi na sikai nalo sana, kwa sababu mtazamaji husamehe mengi katika hadithi akishampenda mtu. Na hapo ndipo lilipo lalamiko la tatu, lenye uzito kuliko hayo mawili. Je, mtu huyu aliye mbele yangu namwamini?

Nchini Kenya alikuwepo mzee aliyeaminiwa na karibu kila nyumba yenye televisheni. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Katika Vitimbi, kichekesho cha televisheni ya KBC, alikuwa Ojwang, mzee wa Kijaluo mwenye lafudhi yake, ukali wake na majivuno yake, akibishana na mkewe, Mama Kayai, wiki baada ya wiki. Ukipima uhalisia kwa kufanana kwa nje, kazi ile ilitakiwa kushindwa mapema. Seti ilikuwa ya studio, na mwigizaji hakuwa wa kabila la mhusika wake. Lakini watu walimwita Mzee Ojwang barabarani, na jina lake halisi wengi walilijua siku ya tanzia.

Kilichomfanya aaminike, kwa macho yangu, ni kwamba Ojwang hakuwahi kuingia kwenye sini bila shida yake. Alitaka heshima ya mwenye nyumba na hakuipata, au alitaka kuficha jambo na likawa linafichuka mbele yake. Mama Kayai alipokuwa akisema, ulimwona mzee anayameza maneno yale moja moja, macho yakitafuta mlango wa kutokea. Hakuwa anangoja zamu yake ya kuongea. Lafudhi ilikaa juu ya mtu aliyekuwepo, na kwa hiyo ikabebeka. Mwigizaji mwingine angeweza kuipata lafudhi hiyohiyo kwa usahihi zaidi na asipate kitu, kwa kuwa angekuwa anatuonyesha lafudhi.

Tanzania ilipata ushahidi wa aina nyingine mwaka 2011, pale TBC ilipoanza kurusha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Mao Doudou na Mama Wakwe Zake. Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Fikiria kilichokuwa kinatokea kwenye kioo. Midomo inasema Kichina, masikio yanasikia Kiswahili, nyumba ni za Beijing, vyakula havifanani na vyetu. Kwa kipimo cha vitu, uhalisia ulikuwa sifuri. Na bado akina mama wa Kariakoo walimjua yule mama mkwe. Walimjua kwa jinsi anavyoingia jikoni kwa mwenzake na kugusa sufuria kabla ya kusalimia. Tabia ilivuka bahari bila hati ya kusafiria, na sura ngeni haikuizuia.

Kama ndivyo, kwa nini tamthilia yenye sura zetu, sufuria zetu na Kiswahili chetu wenyewe inatushinda kuiamini? Baadhi ya majibu yako katika shule ambazo waigizaji wetu walipitia kabla ya kamera.

Shule ya kwanza ilikuwa jukwaa la vichekesho. Pale mtu alikuwa anaigiza mbele ya umati, bila kipaza sauti, watoto wamekaa chini mbele na wengine wako juu ya mti. Ukikunja uso lazima aliye nyuma kabisa auone. Ukishtuka, unashtuka kwa mwili mzima. Hilo halikuwa kosa, ndiyo kazi ilivyotaka. Shule ya pili ilikuwa redio. Kwa Watanzania wa bara televisheni ilichelewa: Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini vituo binafsi vya bara vilianza mwaka 1994. Kwa miongo mingi kabla ya hapo mchezo wa kuigiza wa taifa ulikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Tuliwacheka Pwagu na Pwaguzi. Kuanzia mwaka 1993 tukamfuata Mkwaju, dereva wa lori wa Twende na Wakati, na wanawake wake wa njiani, huku mkewe Tunu akihangaika nyumbani.

Redio ina sheria moja kuu: kisichosemwa hakipo. Mtu akiingia lazima asemwe: "Aa, shemeji, umekuja na mkoba, vipi tena?" Mwenye hasira lazima atangaze hasira yake, na anayeondoka lazima aage. Wasanii waliobobea humo walikuwa mahodari, na sauti zao zilijenga watu kamili gizani. Lakini walipohamia kwenye picha walihama na sheria yao. Ndiyo maana mpaka leo unamwona mhusika peke yake chumbani, kamera imemkaribia, analia, na bado anatuambia kwa sauti: "Yaani Juma kweli umeamua kunifanyia hivi mimi?" Tunaona. Tumeshaona dakika tatu zilizopita. Kamera imeshika uso wake kwa ukaribu ambao hata mumewe haufikii kila siku, na yeye anaigizia watu walio juu ya mti.

Kisha ikaja shule ya tatu, ya vikundi. Wapo waigizaji waliopita Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981 na ambacho leo ni TaSUBa, wapo pia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini njia iliyopitwa na wengi katika filamu za Bongo imekuwa vikundi vya maigizo. Kaole Sanaa Group ndiyo iliyotajika zaidi, na nyota wa filamu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, alitokea humo. Katika vikundi hivi skripti kamili haikuwa desturi. Unapewa kisa: umegundua mumeo ana nyumba ndogo, ingia. Maneno utayapata humohumo.

Njia hii inasemwa vibaya kuliko inavyostahili. Ilitupa Kiswahili kilicho hai, chenye mipasho, vijembe na mafumbo ya uswahilini ambayo hakuna mwandishi angeyapata akiwa mezani. Hasara yake ni nyingine. Mtu anayetafuta maneno yake wakati kamera inazunguka hana nafasi ya kusikia. Akili yote iko kwenye sentensi ijayo. Wawili wakiwa hivyo, sini inageuka ugomvi wa watu wanaopokezana hotuba, kila mmoja akipandisha sauti ili asipokonywe zamu. Hakuna anayenyamaza, kwa sababu kunyamaza kunaonekana kama kukosa la kusema. Zilipoanza kuja tamthilia zenye skripti ya maneno yote, tatizo likageuka upande wa pili: watu wakaanza kusoma. Neno halikuwa la mtu yule, lilikuwa la karatasi, na lilitoka limenyooka kama taarifa ya habari.

Hebu tuichukue sini moja na tuiangalie kwa karibu, kwa sababu hapa ndipo ninapoumia zaidi kama mtazamaji. Ni sini ya habari ya msiba. Kwenye tamthilia zetu huenda hivi: simu inaita, mhusika anapokea, anasema "haloo", ananyamaza sekunde moja, anapiga ukelele, simu inadondoka, anaanguka, muziki unapanda. Au daktari anatoka mlangoni na kumwambia ndugu wa mgonjwa, "Tumejitahidi, lakini tumempoteza mgonjwa wetu," na hapohapo kilio.

Sasa jiulize habari ya msiba inavyofika kwetu kweli. Mara nyingi haisemwi. Anapiga mjomba ambaye hana kawaida ya kupiga, anasalimia salamu ndefu, anauliza uko wapi, uko na nani, umekula. Kisha anasema, "Basi ukipata nafasi njoo nyumbani, bibi hali yake si nzuri sana." Wewe unajua. Yeye anajua kwamba umejua. Hakuna anayelitamka. Unakata simu na unaanza kutafuta kitu, chaja, kitambulisho, funguo iliyo mkononi mwako. Unamwambia mwenzako kazini kwamba bibi anaumwa. Unapanda basi, na njia nzima unafanya hesabu ya nani atakuwa amefika. Kilio kinakuja ukiona viti vimepangwa nje na turubai linafungwa.

Mwandishi akiiandika hivyo, mwigizaji wa kiwango cha kawaida kabisa ataonekana hodari, kwa sababu amepewa vitu vya kufanya: kutafuta funguo, kudanganya ofisini, kuhesabu. Akipewa "analia kwa uchungu" kwenye mabano, hata hodari atahangaika. Huu si ugunduzi wa leo. Konstantin Stanislavski, aliyeanzisha na mwenzake Ukumbi wa Sanaa wa Moscow mwaka 1898, aliwakataza wanafunzi wake kuikimbilia hisia moja kwa moja. Aliwataka waulize: ningekuwa mimi, katika hali hii, mahali hapa, ningefanya nini? Hisia hufuata kitendo. Ukiiita kwa jina haiji, na badala yake inakuja sura ya hisia, ile tunayoijua sote ya macho yaliyokazwa na kifua kinachopanda na kushuka.

Watu wengi, wakiwemo wanaotoa tuzo, humpima mwigizaji kwa machozi. Mimi machozi hayanishughulishi sana. Yapo ya dawa, yapo ya kitunguu, wapo wanaolia kwa urahisi bila kuwaza lolote. Msibani kwetu mtu huangaliwa zaidi anapojizuia. Baba wa marehemu anayepanga nani abebe jeneza na gari gani litangulie, anauliza kama wageni wa mbali wamepata chakula, anarekebisha kofia yake kila dakika, huyo ndiye watu wanayemtazama kwa hofu. Kamera inampenda mtu wa namna hii. Waandishi wetu hawampi nafasi.

Turudi kwa wale wasioonekana, tuanze na mhariri. Karne moja iliyopita Mrusi mwingine, mwongozaji wa filamu Lev Kuleshov, alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso uliotulia usio na hisia yoyote maalumu, akaubandika kando ya picha ya sahani ya supu, kisha kando ya jeneza la mtoto, kisha kando ya mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu kwa jinsi alivyoonyesha njaa, huzuni na tamaa. Uso ulikuwa uleule. Maana ilitengenezwa na kilichowekwa jirani yake.

Faida ya kulijua hili ni kwamba linafanya kazi pia kwa upande wa hasara. Tuseme mwigizaji ameitikia vizuri, akachelewa nusu sekunde kabla ya kujibu, na nusu sekunde ile ndiyo iliyokuwa na uchungu. Mhariri ameiona kama ukimya, ameikata. Sasa jibu linatoka haraka na mtu anaonekana hana moyo. Au mhariri hana shoti ya anayesikiliza, kwa sababu siku ya kupiga picha muda uliisha na kamera ilikaa kwa anayeongea tu. Kazi yote ya kusikiliza, hata kama ilifanyika, haikurekodiwa. Kisha unakuja muziki. Kinanda cha huzuni kikianza kabla mtu hajahuzunika, uso wake unaonekana unakimbizana na wimbo. Ningependa nione tamthilia moja ya Kiswahili yenye ujasiri wa kuacha sini nzito bila muziki wowote, tusikie feni na kuku wa jirani.

Sauti nayo ina madhara ambayo mtazamaji huyahisi bila kuyajua. Maiki ikiwa mbali, sauti inajaa mwangwi wa ukuta, na mwigizaji anaambiwa aongee kwa nguvu zaidi. Sasa mke na mume waliolala kitanda kimoja wanaongea kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Anayesema "nakupenda" kwa sauti hiyo hawezi kuaminika hata angekuwa nani. Jenereta la jirani likinguruma, wanapandisha tena. Tunaita huko kuigiza kupita kiasi, na chanzo chake ni umbali wa maiki.

Kuhusu fedha na muda, waliokua enzi za kanda na sidii wanakumbuka filamu kutoka kwa sehemu: sehemu ya kwanza sokoni leo, ya pili baadaye, kila moja na bei yake. Mauzo yakigawanywa mara mbili, na hadithi lazima itanuke mara mbili. Hapo ndipo zilipozaliwa zile sini za gari. Honi inapigwa getini, mlinzi anatembea, anafungua, gari linaingia, linapaki, mlango unafunguliwa, kiatu kinakanyaga chini, mtu anashuka, anafunga, anatembea hadi mlangoni, anabisha. Tuliona uvivu wa kuongoza. Ilikuwa biashara, ikilipwa kwa dakika zetu. Na mwigizaji aliyebaki kwenye kioo muda wote huo bila la kufanya alilazimika kujitafutia: kurekebisha miwani, kutazama simu, kuvimba.

Tamthilia za siku hizi zinazorushwa jioni siku tano kwa wiki zina mzigo tofauti. Hazipigwi kwa mfuatano wa hadithi. Nyumba ikipatikana, sini zote za sebule ile, za mwanzo na za mwisho, hupigwa kwa pamoja. Asubuhi mwigizaji anamzika mume ambaye kwa mpangilio wa kupiga picha atagombana naye jioni kwa mara ya kwanza. Anatakiwa akumbuke kiwango cha huzuni alichokuwa nacho kwenye sini iliyopigwa wiki iliyopita na akiendeleze kana kwamba hakikukatika. Katika nchi zenye fedha yupo mtu aliyeajiriwa kutunza mfuatano huo. Kwetu mara nyingi mtunzaji ni kumbukumbu ya mwigizaji mwenyewe, saa tano usiku, kabla ya gari la kuwarudisha nyumbani. Nikijua hivi, namwangalia kwa jicho jingine mtu anayeshikilia mhusika mmoja kwa mamia ya vipindi bila kuteleza.

Lugha ndiyo silaha yetu kubwa, na ndiyo tunayoitupa kizembe. Jambazi wa Manzese anayesema "nitakuangamiza iwapo hutanikabidhi fedha hizo" ameshamalizwa na mwandishi kabla hajafungua mdomo. Mama wa Mombasa mtaa wa Old Town anayeigizwa kwa Kiswahili cha bara, na kumbe kavalishwa leso vizuri, anamfukuza mtazamaji wa Pwani ndani ya sekunde moja. Filamu ya Kenya ya mwaka 2012, Nairobi Half Life, iliyoongozwa na Tosh Gitonga, ilionyesha tofauti inavyokuwa. Kijana wa shamba anaingia Nairobi akitafuta uigizaji na anaangukia kwenye uhalifu. Watu wanaongea Sheng, Kikuyu na Kiswahili cha mtaani kama wanavyoongea, wanachanganya katikati ya sentensi, na lugha ile inabadilika kulingana na nani yuko mbele yao. Joseph Wairimu alitunukiwa mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huo. Mdomo wake ulikuwa huru, na mdomo ukiwa huru uso nao hulegea. Kwa upande wa Tanzania, Siri ya Mtungi, iliyojengwa Bagamoyo na kuanza kuonekana 2012, ilinipa raha ileile kwa sababu wahusika waliruhusiwa kuongea kwa mkato, kuachia sentensi njiani, kujibu kwa "mh".

Hoja ya mapenzi huletwa kila mara kama kisingizio. Inasemwa kwamba sheria zetu, kwa Tanzania ile ya filamu na michezo ya kuigiza ya mwaka 1976 na kwa Kenya kanuni za bodi yake ya filamu, pamoja na macho ya wazazi, zinazuia uhalisia wa mapenzi. Sikubaliani. Mume na mke wengi wa kwetu hawabusiani sebuleni, na sini ya busu iliyochukuliwa kutoka tamthilia za mbali ingekuwa uongo kuliko kutokuwepo kwake. Mapenzi ya nyumba zetu yako kwenye sahani iliyofunikwa, finyango lililofichwa chini ya wali, shati lililopigwa pasi baada ya ugomvi bila neno kusemwa. Hakuna bodi iliyowahi kukataza finyango.

Atasema mtu: mbona basi tunapenda filamu za Kihindi, watu wanaimba milimani na kubadilisha nguo mara sita? Mbona tulimpenda mchekeshaji King Majuto? Swali ni zuri, na Majuto ndiye jibu lenyewe. Amri Athumani wa Tanga, ndilo jina lake halisi, aliyefariki Agosti 2018, aliigiza kwa chumvi nyingi kuliko karibu kila mtu niliyemtaja hapa. Alikunja uso, alikimbia, alipayuka. Lakini tazama alivyokuwa akilinda sahani ya chakula. Ubahili wake ulikuwa jambo la kufa na kupona kwake yeye mhusika. Hakutuonyesha hata mara moja kwamba anajua anachekesha. Mwenzake akitaja pesa, masikio ya Majuto yalisimama kabla ya kichwa kugeuka. Chumvi ilikuwa kwenye ukubwa wa kitendo, na nia ilikuwa ya kweli. Wachekeshaji wengi waliomfuata walichukua uso wake na sauti yake, wakaiacha ile njaa.

Wimbo wa milimani nao hauvunji chochote, kwa kuwa filamu imetuambia tangu dakika ya kwanza kwamba katika dunia hii watu wakizidiwa na moyo huimba. Tunakubali kanuni, tunakaa humo. Kinachotukera ni dunia isiyojua kanuni yake: tamthilia iliyoanza kama maisha ya Tandale, halafu kwenye kipindi cha nane mtu anafufuka bila maelezo.

Kwa anayetaka kujua kosa liko wapi kabla ya kumlaumu mwigizaji, jaribio langu ni hili. Sini ikikukera, irudie na umtazame yule asiyeongea. Kama anasikia, utaona habari inavyomfikia: kope, koo, mkono ulioacha kukunja nguo. Kama anangoja, utaona midomo inajiandaa kwa neno lake mwenyewe, na hapo lawama ni yake na ya mwongozaji aliyemwachia. Kisha irudie tena umezima sauti. Ikikushika bila maneno, basi waigizaji walifanya kazi yao na kilichokukera ni mwandishi au muziki. Na kama kamera haikumwonyesha kabisa anayesikiliza, tangu mwanzo wa sini hadi mwisho, huna namna ya kujua mwigizaji yule anaweza nini.